Seva ya Git kwenye Raspberry Pi

Seva yangu ya Git, yaani mfumo wa kutunza msimbo wa programu na historia yake, ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 2, imejibanza nyuma ya ruta, haina hata skrini. Ukitaka kama hiyo, anza na diski kabla ya programu. Kadi ya SD huchoka kwa kuandikwaandikwa. Yangu ilikufa na kazi ya wiki nzima. Siku hizi data yote iko kwenye SSD ya USB, nayo nimeiandika kwenye /etc/fstab (faili ya diski zinazounganishwa mashine ikiwaka) kwa UUID, kitambulisho chake kisichobadilika, maana jina ambalo mfumo huipa diski, kama sda, linaweza kubadilika ukiwasha upya.

Weka Raspberry Pi OS Lite ya biti 64 (mfumo endeshi usio na skrini ya picha), washa SSH ili uingie ukiwa kwenye mashine nyingine, fungua mtumiaji aitwaye git. Pakua Gitea, programu ya seva ya Git yenye kurasa za wavuti, toleo la arm64 (aina ya prosesa ya Pi): ni faili moja tu, na kwa watu wachache hifadhidata ndogo ya SQLite inatosha kabisa. Iendeshe kwa systemd, kisimamizi cha huduma cha Linux, kisha ingia kwa kivinjari kupitia mlango (port) wa 3000.

Fomu ya kwanza usiibofye haraka. Elekeza hazina (folda za miradi ya Git) kwenye SSD, funga usajili wa wazi, na ujaze akaunti ya msimamizi palepale.

Amri ya gitea dump hukusanya kila kitu kwenye zipu moja. Ihamishie mashine nyingine. Nakala iliyo kwenye diski ileile mimi siihesabu.