Namna ya kumtafuta askari wa 1914–1918 aliyepigana upande wa Mwingereza

Wengi huandika jina la babu kwenye tovuti ya CWGC, tume ya makaburi ya vita, wakikosa jibu wanasema hakwenda vitani. Ripoti ya tume yenyewe ya 2021 ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tafuta kikosi na tarehe kwanza.

1. Makaburini Moshi. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa la pembeni. Herufi zilizofifia huonekana. Chaki na brashi ya waya, hapana: vinakula jiwe. Nakili namba, cheo, kikosi na tarehe vilivyo, hata palipokosewa.

2. Kwenye tovuti, sehemu ya jina iache wazi. Chuja kwa nchi, kikosi (mfano King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) na tarehe ya mapigano. Longido walipigana 3 Novemba 1914. Vilima vya Latema na Reata 11–12 Machi 1916. Kahe 21 Machi. Ongeza miezi mitatu mbele, maana malaria na kuhara damu viliua kuliko risasi. Pakua orodha, ipitie jina kwa jina. Karani aliandika alivyosikia: R na L hubadilishana, "bin" huachwa, na jina moja tu huweza kuwekwa mahali pa ukoo.

3. Ukishajua kikosi, fuata shajara yake ya vita, kundi WO 95, Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew. Usitegemee kumkuta babu humo. Maofisa ndio hutajwa, wapagazi ni idadi tu. Faida yake ni kujua kikosi kililala wapi siku ile.

MASWALI

Shikamooni. Wetu alikuwa askari wa Mjerumani, je?
Marahaba. Kwenye orodha za Mwingereza kwa kawaida hayumo. Jaribu Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, faili zenye herufi G. Nyingine ni mwandiko wa Kijerumani wa zamani, hivyo mpate msomaji kabla ya kukata tiketi ya basi.

Alifariki 1922 kwa jeraha la vitani.
Tume huhesabu vifo hadi 31 Agosti 1921. Hivyo kwao hayumo. Tafuta kadi yake ya medali, kundi WO 372, hukohuko Kew.

Tarehe ya ukoo na ya rejesta hazilingani, niandike ipi?
Zote mbili, kila moja na chanzo chake. Ya karani huweza kuwa siku taarifa ilipomfikia.