SOMO: Barua za wazee wa Ujiji, anza na tarehe

Wakuu, swali la "nimekuta barua za babu sandukuni, nianzie wapi?" limejibiwa humu mpaka basi. Leo naliandika lote mara moja.

1. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, kwa mwanga wa dirishani. Usipige pasi, usitie selotepu.

2. Namba andika kwa penseli kwenye bahasha, si kwenye barua.

3. Barua hizi ni za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo tafuta msomaji wa herufi hizo anayejua Kiswahili. Mjuzi wa Kiarabu peke yake hatoshi: wazee waliandika P kwa herufi ya B, na M au N kabla ya konsonanti mara nyingi waliiruka. "Pembe" hapo husomeka "bibi", na biashara ya ndovu inageuka habari za ndoa.

4. Tarehe. Hapa ndipo hesabu za ukoo zinapoharibika. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo USIJUMLISHE 622 kavukavu. Zidisha kwa 0.97 kwanza, ndipo ujumlishe 622: 1330 inakupa 1912, si 1952. Hayo ni makadirio. Hakikisha kwa kalenda ya Hijria.

Kisha miezi. Wazee waliihesabu kwa "mfunguo", kuanzia baada ya Ramadhani: Mfunguo Mosi ni Shawwali, mwezi wa 10 wa Hijria. Mwaka unaanza Mfunguo Nne, yaani Muharram. Barua ya Mfunguo Mosi 1330 (Septemba 1912) imekuja miezi tisa BAADA ya ile ya Mfunguo Nne 1330 (mwishoni mwa Desemba 1911). Ukizipanga kwa namba za mfunguo, jibu litatangulia swali. Kagua na tarakimu: tano yao ni kiduara kama sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta ambayo hupotea kwenye karatasi chakavu.

5. Orodhesha kila "bin" na "binti", halafu nenda kwa bibi. Muulize kabla hujamsomea. Ukitangulia kusoma atakubali kila jina.

Mgebuka: Mkuu nitafutie ukoo wetu, tulitokea Kongo.
Jibu: Kongo ipi? Jina la babu, kijiji, mwaka. Hatua ya 5.

Kasimbu Boy: Kanuni yako mbovu. 1341 imenipa 1963 na babu alifariki 1940.
Jibu: Kanuni haina kosa. Umejumlisha 622 kavukavu. Soma tena.

Binti Unyanyembe: Sisi ni Wakatoliki wa Tabora, barua hatuna. Kitabu cha ubatizo kina nini zaidi ya jina?
Jibu: Umeuliza la maana, dada. Vya zamani ni vya Kilatini: pater baba, mater mama, patrinus msimamizi wa kiume. Ukiona "circiter", mwaka ni wa kukadiria. Usiache pambizo: huko huandikwa ndoa ilifungwa wapi, na hiyo ndiyo parokia yako ya pili. Nenda na jina la ubatizo na makadirio ya mwaka. Kitabu mwachie katibu akushikie.

Mzee wa Gungu: Ongezea: Kigoma ilikuwa chini ya Wabelgiji 1916 hadi 1921. Karatasi za kipindi hicho zitafutwe Brussels pia, zisiishie Dar.
Jibu: Ahsante mzee, hilo nililiruka.

Mgebuka: Selotepu ipo tayari, niivute?
Jibu: Usiivute! Itatoka na wino. Piga picha hivyo hivyo.