Kulipia PlayStation Plus ukiwa Dodoma bila kuliwa hela

PlayStation Plus ni ada unayoilipa Sony ili ucheze mtandaoni michezo mingi ya PS4 na PS5, mashine zake za michezo. Kabla hujatoa hata shilingi, pima intaneti yako. eFootball, Fortnite na Rocket League ni michezo ya bure, na kwenye PS4 na PS5 unaicheza mtandaoni bila PlayStation Plus. Pakua mmoja uucheze kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati nusu ya Ilazo na Nzuguni iko kwenye bando. Kama mpira unaganda na beki anatokea sehemu ambayo hakuwepo, Plus haitakusaidia. Ada inafungua mlango tu, haiongezi kasi.

Kwenye PS5 ingia Settings, Network, Connection Status, kisha Test Internet Connection, uangalie mstari wa NAT Type, unaoonyesha kama mashine za wengine zinaweza kukufikia. Type 2 inatosha. Type 3 ni tatizo, na hutokea sana kwenye ruta za laini ya simu, kwa sababu kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti na mashine za wenzako zinashindwa kukufikia. Unaweza kupata mechi za watu usiowajua, lakini ukimwalika rafiki yako aliyeko UDOM hamuunganiki, au mnacheza bila kusikiana. Jaribu laini nyingine, au iulize kampuni kama inatoa anwani ya peke yako, kabla ya kulipa.

Laini ikiwa safi, hamia kwenye akaunti. Hapa ndipo hela nyingi hupotelea. Ukifungua akaunti ya PlayStation, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi, kwa hiyo wengi huchagua Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Ijulikane kwamba masharti ya Sony yanataka nchi unayoishi kweli, hivyo ukigombana nao kuhusu malipo huna pa kusimamia. Hujui akaunti yako ni ya wapi? Fungua PlayStation Store utazame bei: dola ni Marekani, pauni ni Uingereza, randi ni Afrika Kusini. Na kama mashine ni ya mtumba, usiweke hela kwenye akaunti uliyoikuta humo. Mwenye barua pepe ndiye mwenye akaunti, anaweza kuichukua kesho.

Kadi ya benki ya hapa, au kadi ya Visa ya M-Pesa, mara nyingi hukataliwa na duka la nchi nyingine hata ikiwa na salio, kwa kuwa nchi ya kadi na nchi ya akaunti hazilingani. Usiendelee kuijaribu mara kumi. Itumie kununua vocha ya PlayStation kwenye duka la mtandaoni linaloaminika, au nunua vocha kwa muuzaji wa mjini. Vocha iwe ya nchi ileile ya akaunti: ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, basi.

Kiasi nacho kina mtego. Bei za Uingereza na Afrika Kusini huonyeshwa kodi ikiwa ndani, lakini akaunti ya Marekani huongezewa kodi ya jimbo mwishoni, kwenye majimbo yanayoitoza. Septemba 2023 Essential, daraja la chini la Plus, ilipanda hadi dola 79.99 kwa mwaka. Ukiweka dola 80 kamili kwa bei hiyo, kodi inaweza kukuacha umepungukiwa na dola chache na vocha imeshaingia. Fika mpaka hatua ya mwisho ya malipo kwanza, uone jumla, ndipo ununue vocha. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, 79.99 ni karibu shilingi 200,000. Muuzaji wa Dodoma akikutajia bei kwa dola, mwambie akutajie kwa shilingi. Kanuni za 2025 zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Vocha ina herufi na tarakimu 12. Iingize kwa simu kupitia programu ya PlayStation, sehemu ya "Redeem Code", maana kuandika kwa pedi ni kazi na ukikosea mara nyingi unazuiwa kwa muda. Ikikataa kwa sababu ya nchi, haijaungua: bado inafaa kwa akaunti ya nchi yake.

Chukua Essential. Kwa kucheza mtandaoni inatosha kabisa. Extra na zilizo juu yake huongeza hasa michezo ya kupakua. Anza na mwezi mmoja. Ukishalipa, zima "auto-renew" hapohapo: siku ulizolipia hazipungui, na salio uliloweka kwa ajili ya mchezo mwingine halitachukuliwa. Michezo ambayo Plus hutoa kila mwezi, hata uliyokwisha kuichukua, hufungwa ada ikiisha, na hufunguka ukilipa tena.

Nyumba yenye wachezaji watatu na mashine moja haihitaji ada tatu. Kwenye akaunti yenye Plus washa "Console Sharing and Offline Play" (kwa PS4, ifanye mashine kuwa "primary"), na ndugu wengine watacheza mtandaoni kwa akaunti zao.

Anayeuza Plus ya mwaka kwa bei ya kutupwa mara nyingi anauza akaunti inayochangiwa na wengi au iliyolipiwa kwa kadi ya wizi. Na usiiombe benki irudishe malipo uliyofanya mwenyewe. Sony huifunga akaunti mpaka deni lilipwe. Ukighairi, waombe wao ndani ya siku 14 tangu malipo ya kwanza. Watakata kwa kadiri ulivyotumia.

Kwa Xbox, ada ya chini tangu Oktoba 2025 inaitwa Game Pass Essential, vocha ina tarakimu na herufi 25, nayo hufuata nchi. Nintendo ni rahisi zaidi kwenye suala la nchi: nchi ya akaunti unaweza kuibadilisha, mradi salio liwe sifuri.