Umenyimwa mapumziko kazini California? Dai hela yako hivi

Kwa sheria ya jimbo la California, ukifanya kazi zaidi ya saa tano kwa siku una haki ya nusu saa ya kula, nayo ianze kabla saa ya tano haijaisha. Ukiingia ghalani saa mbili asubuhi, kabla ya saa saba mchana uwe umeshaachia kazi. Nusu saa hiyo hailipwi, lakini ni yako: ukila huku unaitikia simu ya upepo ya msimamizi, hujapumzika. Kuna pia dakika kumi za kupumzika kwa kila saa nne, na hizo zinalipwa.

Siku uliyonyimwa muda wa kula unadai saa moja ya mshahara. Ukinyimwa na zile dakika kumi, unaongeza saa nyingine. Anayelipwa dola 20 kwa saa anadai dola 40 kwa siku hiyo, na unaweza kurudi nyuma hadi miaka 3. Wengi hudai ovataimu tu, hizi wakaziona ndogo. Zijumlishe kwanza!

Kabla ya fomu, tafuta ushahidi. Omba slipu zako za mshahara kwa maandishi. Mwajiri ana siku 21 kukupa. Andika tarehe, saa ya kuingia, kula na kutoka. Meseji kama “usitoke kwanza, lori limefika” zihifadhi mapema, ukiwa bado kazini.

Sasa jaza DLSE Form 1, fomu ya madai ya Kamishna wa Kazi (ofisi ya jimbo inayoshughulikia madai ya mishahara), mtandaoni, kwa posta au ofisini kwao. Ni bure, wakili si lazima, na kukosa makaratasi ya uhamiaji hakuzuii dai. Jina la kampuni liandike kama lilivyo kwenye slipu, si kama lilivyo kwenye bango la getini. Kama unalipwa na wakala wa ajira, taja wakala na kampuni yenye ghala. Panapoulizwa mkalimani andika Kiswahili. Mambo ya sheria si ya kutafsiriwa na mtoto wako.

Kwa kawaida mtaitwa kwanza kwenye kikao cha usuluhishi. Nenda na hesabu yako mkononi, usije ukakubali nusu kwa uchovu. Mkishindwana, afisa atawasikiliza chini ya kiapo na kutoa uamuzi. Muda wa kukata rufaa ni mfupi, siku 10, au 15 uamuzi ukitumwa kwa posta ndani ya jimbo. Mwajiri akikata rufaa, lazima aweke mahakamani dhamana ya kiasi chote alichoamriwa kukulipa.