Kuhamisha Taimshea ya Florida Mpaka Jina Lako Litoke Vitabuni

Wiki moja ya taimshea huko Orlando, Florida, yaani haki ya kukaa kwenye nyumba ya mapumziko siku saba kila mwaka, huuzwa kwa maelfu ya dola. Ukitaka kuiuza tena, mara nyingi hapatikani wa kuichukua hata kwa dola moja. Kinachowakimbiza watu ni ada ya matengenezo: anayepokea wiki anapokea na bili ya kila mwaka, nayo hupanda. Basi sahau faida, angalia namna ya kutoka bila deni kukufuata.

Kama umesaini juzi tu, hesabu siku kabla ya kufanya lolote. Florida inakupa siku 10 za kalenda za kuvunja mkataba, kuanzia uliposaini au ulipopokea hati ya mwisho unayostahili kupewa, kutegemea lipi lilikuja baadaye. Nevada ni siku 5 na California 7. Andika barua fupi na uipeleke kwa posta yenye risiti, kwa anwani iliyomo kwenye mkataba. Muhuri wa tarehe wa posta ndio ushahidi wako. Simu haitoshi, na mara nyingi itakuangusha mikononi mwa muuzaji mwingine mwenye maneno matamu.

Siku zikiwa zimepita, toa makaratasi usome una nini hasa: hati ya umiliki iliyosajiliwa kaunti, au haki ya matumizi tu. Haki ya matumizi huhamishwa kwa fomu za resoti yenyewe, yaani kampuni inayoendesha nyumba hizo za mapumziko, hakuna hati ya kupeleka kaunti. Na kama bado kuna mkopo, ulipe kwanza. Si rahisi kupata mtu atakayepokea wiki yenye deni.

Anza kwa kuiuliza resoti kama inarudisha wiki kwake na kwa ada gani, na udai jibu la maandishi. Hii ndiyo njia safi kuliko zote, maana anayepokea ndiye mwenye daftari. Wakikataa, tafuta mtu wa kuigawia bure, umwonyeshe bili ya mwaka huu kabla hajakubali. Usimsukumie mwanao au ndugu asiyejua anachobebeshwa.

Hapa ndipo matapeli hujaa. Anakupigia mtu usiyemjua akidai kuwa mnunuzi anaye tayari, kinachotakiwa ni wewe kutanguliza "kodi" au "ada ya usajili". Hakuna mnunuzi. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, imekwisha onya kwamba magenge ya dawa za kulevya ya Mexico yanawawinda wenye taimshea za huko kwa mtindo huu. Wengine huchukua pesa zako na kuihamishia wiki kwa kampuni ya mfukoni isiyokusudia kulipa kitu; resoti ikikataa kuitambua, bili inarudi mlangoni kwako. Florida inazitaka kampuni za kuhamisha taimshea kuweka pesa ya mteja kwenye akaunti ya amana mpaka uhamisho ukamilike. Anayetaka alipwe mkononi kabla, achana naye. Na ukiwa unasubiri, endelea kulipa ada, la sivyo resoti inaweza kukunyang'anya wiki na rekodi yako ya mikopo ikaharibika.

Mpokeaji akipatikana, iombe resoti barua ya hali ya akaunti inayoonyesha deni, ada ya kuhamisha, na kama resoti ina haki ya kununua kwanza. Ikiwa nayo, subiri iiachie kwa maandishi.

Hati mpya ya kumpa mpokeaji umiliki ndiyo hukwamisha wengi. Majina ya wanaotoa yawe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye hati ya zamani, na wamiliki wote wasaini. Mume au mke akiwa amefariki, ambatisha cheti cha kifo. Maelezo ya nyumba na namba ya wiki yanakiliwe bila kubadilisha hata nukta. Kaunti pia hukosewa: resoti nyingi zinazoitwa za Orlando ziko Kaunti ya Osceola, si Orange, kwa hiyo fuata hati ya zamani, si tangazo la biashara. Florida inataka mashahidi wawili, na tangu 2024 anwani zao za posta ziwemo. Notari, yaani afisa anayethibitisha saini, anaweza kuwa shahidi mmojawapo. Aliye Nairobi au Dar es Salaam anaweza kusaini mbele ya afisa wa ubalozi wa Marekani, dola 50 kwa kila muhuri.

Kusajili kaunti ni dola 10 kwa ukurasa wa kwanza na 8.50 kwa kila unaofuata, pamoja na kodi ya stempu ambayo kwa wiki ya kugawa bure ni senti chache. Anayekudai maelfu ya dola kwa "gharama za serikali" anakuibia.

Usajili wa kaunti ni nusu ya safari. Ipelekee resoti nakala iliyosajiliwa, ada yake ilipwe, kisha dai barua inayosema akaunti sasa ni ya mmiliki mpya. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kumbukumbu za kaunti uthibitishe hati ipo. Bili ikija tena kwa jina lako, ijibu kwa nakala ya hati hiyo na ya barua hiyo, kwa posta yenye risiti.