Hesabuni magari kabla ya kwenda kwa madiwani

Mvutano wa maegesho katikati ya mji karibu kila mara huwa ule ule: wenye maduka wanasema nafasi hazitoshi, halmashauri inasema zipo. Mara nyingi wote wako sahihi, kwa kuwa nafasi zipo ila zimeshikwa na magari yasiyoondoka. Diwani hawezi kulijua hilo mpaka awekewe hesabu mezani, na hesabu hiyo wenye maduka wanaweza kuifanya wenyewe kwa siku mbili.

Chagueni siku moja ya katikati ya wiki na Jumamosi moja. Epukeni sikukuu na siku ya mvua kubwa, maana wapinzani wenu wataikataa kazi yote kwa sababu hiyo tu. Ipeni kila nafasi namba. Pasipo na mistari, kadirieni mita 6 kwa kila gari linaloegeshwa sambamba na barabara. Kwenye fomu, nafasi zishuke chini, saa ziende kulia, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi jioni. Kila nusu saa mtu apite akiandika alama nne za mwisho za namba ya gari, ziwe herufi au tarakimu. Nafasi tupu iandikwe sifuri. Kisanduku kikiachwa wazi, baadaye hamtajua kama hapakuwa na gari au anayehesabu alisahau.

Kosa kubwa ni kuhesabu magari bila kuandika namba zake. Nafasi 37 kati ya 40 zikiwa na magari, mnajua mtaa umejaa, basi. Namba ndizo zitakazoonyesha kwamba gari lililo nafasi ya 12 limekuwapo tangu saa 2:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, au kwamba limehamishiwa nafasi ya 19 mchana ili kukwepa askari wa maegesho. Magari 14 ya namna hiyo, kwa saa 8 kila moja, yanakula saa 112. Mteja akikaa saa moja, hiyo ni nafasi ya wateja 112 kwa siku.

Sasa ulizaneni magari hayo ni ya nani. Yakiwa ya wenye maduka na wafanyakazi wao, na mara nyingi ndivyo ilivyo, kubalianeni kwanza yaegeshwe mbali kidogo, mwendo wa dakika 5 kwa miguu. Msipofanya hivyo, ofisa wa halmashauri atalisema mbele ya kikao na ombi lenu litaishia hapo.

Mzunguko wa nusu saa hupitwa na magari yanayoshusha mizigo kwa dakika 10. Hayo yahesabiwe kivyake, kila dakika 5, katika saa yenye mizigo mingi.

Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Los Angeles, alipendekeza maegesho ya barabarani yajae kwa takriban asilimia 85, ili kila mtaa ubaki na nafasi moja au mbili. Mkiwa chini ya hapo kutwa nzima, msiombe nafasi mpya. Ombeni vibao vya kuelekeza wateja. Mkizidi, ombeni kikomo cha saa 1 au 2, pamoja na mkaguzi wa kukisimamia (bila mkaguzi, kibao ni pambo), na sehemu ya mizigo yenye saa maalumu.

Ada ikipendekezwa, msikimbilie kuikataa. Ulizeni fedha zitakwenda wapi. Old Pasadena, eneo la maduka huko California, Marekani, mita za kulipia maegesho ziliwekwa mwaka 1993 na mapato yakarudi kutengeneza na kusafisha mitaa ile ile. Dai la fedha kurudi mtaani liandikwe ndani ya azimio, kwa sababu ahadi ya mdomo haimfungi mweka hazina.

Pelekeni ukurasa mmoja kabla ya kikao, mkiomba majaribio ya siku 90 badala ya uamuzi wa kudumu, kwani diwani huona wepesi kukubali jambo linaloweza kurudishwa. Fomu zenye namba za magari zibaki kwenu, kikaoni yaende majumla tu. Siku 90 zikiisha, hesabuni tena kwa fomu zile zile, siku zile zile za wiki, saa zile zile.