Makumbusho madogo yakikosa wageni: anzia hapa

Wageni wakikatika, wengi hukimbilia kupunguza walinzi. Wewe anza na daftari: namba ya kifaa, jina, kimetengenezwa kwa kitu gani, kilipo, hali yake, na picha. Nakala moja ikae nje ya jengo, maana kikiibiwa bila picha huna cha kuwaonyesha polisi.

Vyumba vikifungwa, wadudu hustarehe. Inua kigoda, ukikuta unga laini kama sembe sakafuni, kinaliwa. Kifunge kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, ziba kwa selotepu, kiweke kwenye friza ya nyuzi -20 kwa wiki moja. Ikiishia -18, wiki mbili. Umeme ukikatika na friza ikapoteza baridi, hesabu upya. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande utatua juu ya kifaa chenyewe. Pembe za ndovu, vioo na michoro ya rangi usigandishe kabisa.

Mvua za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huanza Novemba hivi, kwa hiyo safisha mifereji ya paa Oktoba na uinue masanduku sentimita 10 kutoka sakafuni.

Kipato? Wafuate wanafunzi. Sanduku la nakala (kamwe si vifaa halisi) na somo la dakika 40 vinatosha: shule ya Iringa isiyomudu nauli ya kwenda makumbusho ya Kalenga bado inaweza kujadili kwa nini fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kubaliana na mwalimu mkuu malipo kabla ya kupanda basi.